Barua ya Wazi: Siku ya Shukrani ya Taifa Ianze kwa Hesabu

Kwa Mheshimiwa Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Waheshimiwa Wabunge,
Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa na Wilaya,
na wazee wetu masheikh, maaskofu na wachungaji mnaokaa kwenye kamati za amani.

Waheshimiwa, baada ya salamu,

Nawaandikia kutoka Moshi kuhusu jambo ambalo nimekuwa nikilisikia kwenye hotuba, kwenye mimbari na hata kwenye mabenchi ya wauza kahawa hapa mjini, nalo ni la taifa kujitengea siku moja kwa mwaka ya kumshukuru Mungu na kuiombea nchi. Wapo wanaolitaka kwa moyo wote, wapo wanaoliogopa, na wapo wanaoliona kuwa ni sababu nyingine tu ya kufunga ofisi. Mimi nimo miongoni mwa wanaolitaka, ila nina sharti moja, na sharti hilo ndilo lililonifanya nikae chini niandike badala ya kulimaliza kwa maneno barazani. Siku hiyo, kama itakuwapo, ianze kwa kusomewa hesabu.

Niruhusuni nieleze ninakotokea, kwa kuwa sharti lenyewe limetoka huko. Kwa miaka 22 nilitunza vitabu vya hesabu vya chama cha ushirika cha msingi huku mlimani, katika mkoa ambao wakulima wake wa kahawa walianza kujikusanya mwaka 1925 na mwaka 1933 wakaandikisha KNCU, chama chao kikuu cha ushirika. Mkutano mkuu wetu wa mwaka ulifanyika darasani kwenye shule ya msingi, wazee wakiwa wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga ubao. Mwenyekiti alimwita mzee mmoja Mkristo aombe, kisha mzee mmoja Mwislamu asome dua, wa kwanza akiwa amevua kofia na wa pili akiiweka sawa ya kwake kichwani. Baada ya "amina" ya pili mimi nilisimama na daftari: kilo za kahawa ya maganda tulizopokea, malipo ya awali tuliyolipa, bei iliyopatikana mnadani, makato ya usafiri na ya pembejeo, na kilichobaki kwa ajili ya malipo ya pili. Sikuwahi kumsikia mwanachama akisema kwamba hesabu imeiharibu dua, wala kwamba kwa kuwa tumeomba vizuri basi hesabu ingoje mwakani.

Isipokuwa mara moja. Niliazimwa na chama kingine, ambacho sitakitaja kwa sababu baadhi ya waliohusika wametangulia mbele za haki, nikawasaidie kufunga vitabu. Mwaka ule mkutano wao ulifunguliwa kwa maombi marefu, ukafuata wimbo, zikafuata shukrani kwa Mungu, kwa viongozi wa chama, kwa viongozi wa kata na kwa wageni, ambao kila mmoja alivalishwa kitenge mabegani. Mvua ilipoanza kupiga bati, mwenyekiti alitangaza kwamba muda umekwisha na taarifa ya mapato na matumizi itasomwa mkutano ujao. Watu walipiga makofi wakaondoka. Mwaka uliofuata ndipo ilipojulikana kwamba mkopo wa pembejeo haukuwa umerejeshwa na malipo ya pili ya wakulima hayapo. Mama mmoja mjane, aliyekuwa amepeleka magunia matatu na kuhifadhi stakabadhi zote kwenye kopo la chai, alisimama akauliza swali moja tu: "Mwaka jana tulishukuru nini?" Hakuna aliyemjibu, na mimi niliyekuwa nimekaa mbele na vitabu vyao mapajani sikuweza kumtazama usoni. Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na tangu siku ile ninaamini kwamba hata shukrani bila daftari huisha vivyo hivyo.

Sina ubishi na wanaosema kwamba taifa linaweza kuomba, kwa sababu letu linaomba tayari. Bunge hufungua vikao vyake kwa dua, na dua hiyo huandikwa kwenye taarifa rasmi za majadiliano kabla ya hoja yoyote. Wimbo wa taifa ni sala tangu neno lake la kwanza. Huku kwetu tumewaita watoto wetu Haika na Aikaeli, majina yaliyobeba neno la Kichagga la kushukuru, na kote nchini mtaa haukosi Neema, Baraka, Rehema au Shukuru. Watu wa namna hii hawahitaji kufundishwa shukrani na tangazo la serikali.

Ninachotaka tukiangalie ni mipaka ya Serikali katika jambo hili. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inasema kwamba kutangaza dini na kufanya ibada ni jambo huru na la hiari ya mtu binafsi, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Baada ya sensa ya mwaka 1967 karani wa sensa hatuulizi tena dini zetu anapogonga mlango, na nadhani hiyo ni moja ya busara ambazo nchi hii imezitunza bila kelele. Tumezoea kusema kwamba Serikali haina dini lakini watu wake wanazo. Ikiwa ndivyo, Serikali haiwezi kunishukuria Mungu, wala haiwezi kuniombea toba. Hayo nitayafanya mwenyewe, mahali pangu, kwa maneno yangu. Lakini liko jambo moja ambalo kanisa langu haliwezi kulifanya, msikiti wa jirani yangu hauwezi kulifanya, na Serikali peke yake ndiyo inayoliweza, nalo ni kutueleza kwa ukweli taifa limepokea nini, limepoteza nini na linadaiwa na nani. Huo ndio mchango wake katika siku ya shukrani. Yanayobaki iwaachie wenyewe, mwenye kuomba na Mwenye kuombwa.

Nchi nyingine zimetangulia, na tuna la kujifunza kwa mema yao na kwa makosa yao. Wenye uzoefu mrefu ni Wamarekani, na historia yao inafaa isomwe yote, si habari ya bata mzinga wanayemla siku hiyo peke yake. George Washington alitangaza siku ya shukrani ya tarehe 26 Novemba 1789. Thomas Jefferson alipokuwa Rais alikataa kutangaza siku za aina hiyo, akiona kwamba Katiba haikumpa mamlaka juu ya ibada za watu. Mwaka 1832, kipindupindu kilipoingia nchini humo, Andrew Jackson aliombwa atangaze siku ya kufunga na kuomba, naye akakataa kwa hoja iliyokaribia hiyo. (Nikiikumbuka habari hiyo huwa naikumbuka pia 9 Desemba 2015, ambapo sisi nasi tulikuwa na kipindupindu, Rais akafuta sherehe za Uhuru na kutuambia tushike mafagio. Nilizibua mtaro wa mbele ya nyumba yangu siku ile pamoja na majirani ambao hatukuwa tumesalimiana kwa miezi, na sherehe nyingine zote za Uhuru nilizohudhuria zimenitoka kichwani.)

Siku waliyo nayo Wamarekani leo ilichangiwa na barua, jambo linalonipa moyo. Sarah Josepha Hale, mhariri wa jarida la wanawake, aliandika kwa miaka mingi akiwasihi marais mmoja baada ya mwingine watenge siku moja ya taifa zima, na barua yake ya Septemba 1863 ilimkuta Abraham Lincoln katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo lilitoka tamko, lililoandikwa na waziri wake William Seward, la kuitenga Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Ningeomba washauri wenu walisome polepole. Linataja mashamba, migodi na ongezeko la watu, kisha linawataka wananchi watubu kwa ukaidi wa taifa lao na wawakumbuke wajane, yatima na wote wanaoomboleza kwa sababu ya vita. Lilitoka miezi mitatu tu baada ya mapigano ya Gettysburg, na halikujifanya kwamba vita vimekwisha wala kwamba makaburi hayapo. Kwa lugha yangu ya kazini, safu ya mapato na safu ya hasara zilikuwa kwenye ukurasa mmoja.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1939 Franklin Roosevelt aliiwahisha siku hiyo kwa wiki moja ili wenye maduka wapate muda mrefu zaidi wa kuuza bidhaa za Krismasi. Majimbo yakagawanyika, haya yakiadhimisha Alhamisi hii na yale ile, hadi Bunge lao lilipoiweka Alhamisi ya nne ya Novemba kwa sheria mwaka 1941. Na tangu mwaka 1970 wako wenyeji wa asili wa nchi hiyo wanaokusanyika Plymouth siku hiyo hiyo kuomboleza, kwa kuwa hesabu ya ardhi yao na ya watu wao haikusomwa kwenye shukrani za wengine. Siku ya shukrani inayoacha watu nje huwafanya waliobaki nje waanzishe ya kwao, na ya kwao huwa ni ya kilio.

Uswisi, ambako Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa na historia ndefu ya kugombana hadi kushikiana silaha, iliamua mwaka 1832 kuwa na siku moja ya pamoja, Jumapili ya tatu ya Septemba, na ikaitwa siku ya shukrani, toba na maombi. Mtaona toba ilivyowekwa katikati, mahali ambapo huwezi kuiruka. Jirani zetu wa Zambia wana tarehe 18 Oktoba tangu mwaka 2015, siku ya maombi, kufunga, toba na upatanisho. Lakini Zambia ilikwisha kujitangaza kuwa taifa la Kikristo mwaka 1991, jambo ambalo kwetu haliwezekani wala halitakiwi, kwa hiyo hatuwezi kuazima vazi lao bila kulikata upya. Ghana ilianza yake tarehe 1 Julai 2025, siku inayokumbukwa pia kuwa ndiyo nchi hiyo ilipogeuka kuwa jamhuri.

Sisi wenyewe tulikwisha kujaribu, na jaribio letu tusilipite kwa haraka kwa kuogopa kumkosea heshima aliyekwisha kulala. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofika, Hayati Rais John Pombe Magufuli aliomba siku tatu za maombi, kuanzia Ijumaa tarehe 17 hadi Jumapili tarehe 19 Aprili, kila mtu kwa imani yake. Mwezi uliofuata aliomba siku tatu nyingine, kuanzia Ijumaa tarehe 22 hadi Jumapili tarehe 24 Mei, safari hii za kushukuru. Namna ilivyopangwa ilikuwa nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuziona: Ijumaa iliwapa Waislamu siku yao, Jumamosi iliwapa Wasabato yao, Jumapili ikatupa sisi wengine, hapakuwa na jukwaa, na hakuna aliyebebwa kwa basi. Nilikwenda kanisani siku zile nikaomba kwa machozi.

Lakini safu ya pili haikuwapo. Tulipoitwa kushukuru, takwimu za wagonjwa zilikuwa zimesimama tangu mwanzoni mwa mwezi ule, zikiwa kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikutangazwa tena hadi mwaka uliofuata, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Tulishukuru kabla ya kuhesabu. Katika usharika wetu tulizika watu katika miezi ile, na familia zao zilikaa nasi kwenye mabenchi yale yale zikisikiliza kwamba tumevushwa salama. Sisemi hivi kwa kulaumu imani ya mtu yeyote, maana nami niliitikia amina. Nasema kwamba ile amina ilikuwa na tundu, na waliofiwa ndio waliotumbukia humo.

Nina jambo la pili la nyumbani, na hili ni la Moshi. Tarehe 1 Februari 2020, kwenye Uwanja wa Majengo, watu 20 walifariki kwa kukanyagana wakati wa mkutano wa maombi, umati ulipokimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa. Kwa hiyo mtakaposikia kwamba watu wa Moshi hatushangilii wazo la maombi makubwa ya kitaifa yenye kujaza viwanja, iwe Ushirika hapa kwetu au Sheikh Amri Abeid kule Arusha, msidhani kwamba tumepungukiwa na imani. Ukipita Majengo jioni watoto wanacheza mpira kama kawaida, lakini wako akina mama ambao mpaka leo huzunguka njia nyingine. Uwanja haumpi Mungu chochote ambacho sebule ya mtu haiwezi kumpa, na unampa kiongozi vingi ambavyo angefaa avikose siku hiyo: jukwaa, kipaza sauti na umati.

Hapo nimefika kwenye jambo linalonikera, na nitalisema kwa adabu lakini nitalisema. Tumezoea siku hizi kwamba bomba likitoa maji, mwenye kufungua koki humshukuru kwanza kiongozi. Darasa likiezekwa tunamshukuru kiongozi, barabara ikimwagwa kokoto tunamshukuru kiongozi, na nimewahi kusikia kwenye redio mtu akimshukuru mkuu wake wa wilaya kwa mvua. Mlimani huku ipo mifereji ya maji iliyochimbwa na mababu zetu kwa majembe, kufuata mteremko kutoka kwenye mito hadi vihambani, na iko inayotiririka hadi leo. Kila ukoo ulijua zamu yake ya maji na zamu yake ya kuzibua, na aliyekosa zamu ya kazi alijua kwamba atasumbuliwa kwenye zamu ya maji. Shukrani zao zilikwenda kwa Ruwa, yaani Mungu, aliyetoa mto na kwa mikono iliyochimba, hata kama mangi, mtawala wetu wa jadi, alikuwapo na alipewa heshima yake. Siku ya kitaifa ya shukrani ikigeuka kuwa siku ya kuwashukuru ninyi, Waheshimiwa, itakuwa imekufa mwaka wake wa kwanza, na sisi tutaendelea kuizika kila mwaka kwa matarumbeta.

Ningependa niwaonyeshe shukrani ninayoielewa. Kwenye usharika wetu, sikukuu ya mavuno inapofika, watu huleta walichovuna na baada ya ibada kunakuwa na mnada nje ya kanisa. Mkungu wa ndizi mshare unainuliwa juu, debe la mahindi linatikiswa ili lisikike kwamba limejaa, jogoo anafungwa miguu na kulia kupita mwenye kunadi. Mwaka mmoja bibi mmoja, ambaye shamba lake liliharibiwa na mvua, alileta mayai matatu kwenye kikapu kidogo kilichotandikwa majani makavu ya mgomba. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi aliyainua kama alivyouinua mkungu, bei ikaanza kupanda, kijana mmoja aliyekuja kutoka Dar es Salaam akayanunua kwa fedha ya kununulia kuku, kisha akayarudisha yanadiwe tena. Akayanunua mwingine, akamrudishia bibi mwenyewe, watu wakapiga vigelegele. Katibu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mti, hakuacha kuandika: mayai matatu, shilingi kadhaa, jina la aliyetoa, jina la aliyenunua, mara ya kwanza, mara ya pili. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, ukurasa ule ulisomwa wote mbele ya usharika, na mayai yale matatu yakatajwa baada ya ng'ombe wa mtu mwingine na kabla ya magunia ya maharage. Yule bibi alikuwa amekaa benchi la tatu. Aliposikia alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyehakikisha kwamba chenji yake imetimia.

Jirani zangu Waislamu wana yao, ambayo imenifundisha zaidi. Jeneza likiwa limewekwa na watu wamejipanga, kabla ya swala mtu wa familia hutoka mbele akasema kwamba yeyote anayemdai marehemu awaone ndugu zake ili walipe. Hata kwenye misiba yetu Wakristo siku hizi tangazo hilo husikika mara nyingi. Deni hutajwa kwanza, dua hufuata. Sijaona sababu kwa nini taifa lifanye kinyume.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na nitayaeleza jinsi ninavyoyaona kwa macho ya mtu wa daftari.

Kwanza, msituongezee sikukuu. Tunazo za kutosha, na moja yake inatafuta kazi ya kufanya. Sherehe za 9 Desemba zimefutwa zaidi ya mara moja na fedha zake kupelekwa kwingine: mwaka 2015 shilingi bilioni 4 zilielekezwa kwenye upanuzi wa barabara ya Morocco hadi Mwenge kule Dar es Salaam, na mwaka 2022 fedha za sherehe zilipelekwa kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Sikusikia mtu akililia gwaride. Nimeifikiria pia Nane Nane, kwa kuwa ni siku ya wakulima na mimi ni wa wakulima, lakini Nane Nane ina maonyesho yake, ina vumbi lake na biashara yake kule Themi, Arusha. Tarehe 9 Desemba ni siku tuliyopokea kitu sote kwa pamoja, Mwislamu, Mkristo, mwenye dini ya jadi na asiye na dini, na ndiyo siku ambayo mwenge uliwashwa kwenye kilele cha mlima huu ninaouona kutoka dirishani kwangu asubuhi mawingu yakipisha.

Siku ya shukrani iwe hiyo, na asubuhi yake, katika kila kata, kwenye shule au ofisi ya kata, isomwe hesabu ya mwaka kwa Kiswahili ambacho bibi wa mayai matatu atakielewa. Watoto wangapi wamezaliwa katika kata hii na wangapi wamefariki kabla ya mwaka. Akina mama wangapi wamefariki kwa uzazi. Wangapi wamekufa barabarani, maana barabara ya Moshi na Arusha tunaijua. Fedha kiasi gani zimeingia kwa ajili ya shule, zahanati na maji, zimefanya nini, na zipi zimeingia zikapotea. Wasomaji wawe mtendaji wa kata, mwalimu mkuu na mganga wa zahanati, wakiwa wamesimama pale pale chini tuliposimama sisi, na wananchi wawe na haki ya kuuliza. Kisha wote waachwe waende: msikitini, kanisani, hekaluni, kwenye mti wa ukoo, au nyumbani kulala kwa yule ambaye hana wa kumshukuru.

Msidhani kwamba hesabu itatuvunja moyo. Chukueni hilo la uzazi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukakuta 104. Hakuna mahubiri yaliyowahi kunipigisha magoti kwa haraka kama namba hizo mbili zilivyonipigisha nilipoziona zimeandikwa pamoja. Nyuma yake wapo wakunga waliokesha, madereva wa magari ya wagonjwa, watu walioziuza nguo zao wakapata nauli, na kwa imani yangu yupo Mungu. Lakini hiyo 104 nayo ni akina mama, na binti wa jirani yangu alikuwa mmoja wa namba za aina hiyo. Mtoto wake ameanza shule mwaka huu. Nikisomewa namba zote mbili naweza kushukuru na kulia katika ibada moja, na jirani yangu naye anaweza kukaa karibu nami bila kujiona kwamba msiba wake unaharibu sherehe.

Jambo jingine ni kwamba mahudhurio yasilazimishwe. Wanafunzi wasipangwe mistari juani tangu saa moja, watumishi wa umma wasiandikwe majina, wafanyabiashara wa Mbuyuni na Memorial wasifungiwe soko. Pasiwe na fulana, kofia wala mabango yenye picha ya mtu aliye hai. Viongozi wa kitaifa wahudhurie kwenye kata wanakopigia kura, wakae, wasikilize hesabu ya kata yao, na kama wana la kusema waseme kama wakazi. Na viongozi wetu wa dini, nawasihi ninyi hasa: mkialikwa kuomba kabla ya hesabu, ombeni kwa ufupi, na mkiona daftari halijaletwa mkatae kusema amina ya kufungia mkutano. Mna uwezo huo, na hakuna mwingine anayeweza kuutumia bila kuonekana mkorofi.

Wapo watakaosema kwamba kusoma vifo na hasara mbele ya watu kutaleta ubishi siku ambayo ilitakiwa kuwa ya utulivu. Utakuja, tena mwaka wa kwanza utakuwa mwingi. Katika mikutano yetu ya ushirika watu walibishana hadi kupandisha sauti juu ya kilo 6 za kahawa, kisha jioni wakakaa kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa kibuyu kimoja. Waliokaa kimya, katika uzoefu wangu, ndio waliohama chama.

Siombi mlifanye nchi nzima kwa mwaka mmoja. Anzeni na mkoa mmoja, na kama hakuna mkoa unaojitolea, anzeni na wa kwetu. Kata yetu ina shule yenye darasa kubwa, ina zahanati, ina misikiti miwili na makanisa sijui niseme mangapi, na inao wastaafu wanaojua kupanga safu za hesabu na wasio na kazi asubuhi. Daftari la kurasa 200 nimekwisha kulinunua, lenye jalada gumu, na nimepiga mistari kurasa nne za kwanza. Kinachokosekana ni barua kutoka ofisini kwenu inayomruhusu mtendaji wetu afungue mafaili yake.

Nabaki,
Mwananchi, mtunza vitabu mstaafu wa chama cha ushirika cha msingi,
Moshi, Kilimanjaro.